Pipa Lilitangulia Ladha

Mtu wa Muheza akifika Jalisco, Meksiko, mashamba hayamshangazi. Mkonge wa buluu unaotoa tequila ni ndugu wa mkonge wetu, na wetu wenyewe asili yake ni Meksiko hiyo hiyo. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapitia Hamburg, na iliyofika hai ilikuwa 62. Ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Sisi tulifuata nyuzi za majani, wao wakafuata moyo wa mmea. Kwetu mkonge ukitoa mlingoti, umemaliza kazi. Wao mlingoti huukata ungali mchanga, sukari isipande juu ikaishia kwenye maua. Miaka sita, saba au zaidi ikipita, mvunaji huyafyeka majani yote na kubakiza bonge zito ambalo huokwa na kukamuliwa. Maji yake huchachuka, kisha hupikwa mara mbili. Kinachotiririka mtamboni ni cheupe kama maji ya kisima.

Siku hizi naishi San Antonio, Texas, na kwenye rafu ya gereji yangu kuna pipa la mwaloni la lita mbili. Nalijaza tequila nyeupe ya dukani, naiacha ikae. Watu wa huku wengi hufanya hivyo, na wengi wao hudhani wanafuata siri ya mabwana wa zamani. Mabwana wa zamani walikuwa na shida nyingine kabisa: mzigo utafikaje.

Mwaka 1785 mfalme wa Hispania alipiga marufuku pombe za wenyeji wa Meksiko ili mvinyo na brandi za kwao zipate soko. Mwaka 1795 José María Guadalupe de Cuervo akapewa kibali cha mfalme mpya, Carlos IV, na biashara ikatoka mafichoni. Kinywaji kilisafiri kwa nyumbu hadi Guadalajara na kwingineko. Reli yenyewe ilifika mjini humo mwaka 1888. Chupa hazikuwa nyingi, na chombo kikubwa kinachostahimili kubiringishwa na kudondoshwa kilikuwa pipa la mbao. Tequila iliyochelewa njiani au ghalani ilitoka na rangi ya majani makavu na makali yaliyopungua. Wanywaji wakaipenda. Kuchelewa kukawa bidhaa.

Karne ya ishirini sheria iliweka viwango. Reposado hukaa kwenye mwaloni miezi miwili au zaidi, na chombo chaweza kuwa tangi kubwa la mbao la maelfu ya lita. Añejo hukaa angalau mwaka mmoja, kwenye pipa lisilozidi lita 600. Mwaka 2006 ikaongezwa extra añejo, ya miaka mitatu na kuendelea. Tazama sharti hilo la lita 600: waliotunga sheria walijua kwamba muda peke yake hausemi kitu bila ukubwa wa pipa.

Mapipa mengi ya Jalisco yametoka Marekani. Baada ya marufuku ya pombe kuondolewa mwaka 1933, sheria za Marekani zilikuja kutaka bourbon ikae kwenye mwaloni mpya uliochomwa ndani. Pipa la lita 200 likishatumika mara moja, mwenye bourbon halitaki tena, na Wameksiko wanalinunua. Moto uliolichoma umeivunja mbao: humo ndimo inamotoka harufu ya vanila, ya sukari iliyoungua, hata ya nazi.

Pipa langu ni jipya, na ni dogo. Piga hesabu: kwa kila lita, la lita mbili lina eneo la mbao takriban mara nne na nusu ya lile la lita 200. Ndiyo maana ya kwangu hupata rangi katika wiki chache. Kwanza hulijaza maji mpaka mbao zivimbe na mivujo ya kwenye maungio ikome. Nikishatia tequila, kila Jumapili natoa kijiko kimoja. Mwanzoni inanukia mkonge uliookwa, vanila inafuata, kisha unakuja ukakasi wa mbao, kama chai iliyosahauliwa jikoni. Naimimina kwenye chupa kabla ukakasi haujaushinda mkonge. Ujazo wa pili huchukua muda mrefu zaidi, wa tatu zaidi tena, kwa sababu mbao inaishiwa.

Mwonekano wake unaweza kumdanganya mtu akaiita añejo, lakini haijatimiza mwaka, na joto la gereji huivukiza kiasi kwamba ikingoja mwaka huenda nikakuta mbao tupu. Kwa hiyo kwenye chupa naandika tarehe ya kutia na tarehe ya kutoa, basi. Mgeni akiuliza daraja lake, namwambia aonje kwanza.