Kifabakazi na Mjakaranda katika Nyua za Bukoto

Apitaye Bukoto aghalabu huona, nyuma ya kuta, mti wenye maua ya zambarau, na pengine mwingine wenye maua mekundu kama makaa. Wa kwanza ni mjakaranda. Wa pili Waganda huuita kifabakazi. Wenye nyumba wengi huuhesabu ule wa kwanza kuwa pambo, na huu wa pili kuwa mti wa porini tu. Sisi twaona hesabu hiyo imepinduka.

Mjakaranda asili yake ni Argentina na Bolivia. Mwaka 1888 miche miwili ilipandwa Pretoria, na huko ukaenea hata sheria za Afrika Kusini zikaudhibiti. Hapa Uganda, Bustani ya Mimea ya Entebbe ilianzishwa mwaka 1898 ili kujaribia mimea ya kigeni, kama vile mpira na kakao. Watawala walipenda miti ya maua mbele ya nyumba zao, na baada ya uhuru wa 1962 waliohamia katika nyumba hizo waliirithi pamoja na ladha yenyewe.

Kifabakazi ni mzalia wa Afrika. Mfaransa Palisot de Beauvois aliuandika katika vitabu vya elimu ya mimea mwaka 1805, baada ya kuuona Afrika Magharibi. Ukachukuliwa Hawaii, Fiji na Puerto Rico uwe pambo. Mbegu zake, nyembamba kama karatasi na zenye mabawa, zikapeperuka mashambani na misituni; leo umo katika orodha ya viumbe vageni 100 waharibifu kupita wote duniani. Kumbe mti tuudharauo nyumbani ndio uliowashinda watu ugenini! Na mjakaranda nao, uliotapakaa miji ya watu, wapungua katika misitu ya kwao.

Watoto wa Kampala waujua kifabakazi vyema kuliko wazazi wao, kwani vitumba vyake vimejaa maji, nao huvibinya wakarushiana. Jina lake, hata hivyo, laanza kuwapotea. Wengi hulitaja la mjakaranda tu.

Anayetaka kuupanda aotesha mbegu au achomeka tawi. Hukua upesi, lakini mbao zake ni laini na dhoruba huyavunja matawi, basi usikaribie paa wala nyaya za umeme. Pembe ya mwisho ya kiwanja yaufaa. Taabu ni kwamba viwanja vya Bukoto vyazidi kugawanywa, na pembe hiyo ndiyo ijengwayo kwanza vyumba vya kupangisha.