Ramani za Njiro na Programu za Kukodi

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Amri hiyo iligusa na televisheni, na ya televisheni ndiyo inayokumbukwa, maana watu wazima wengi wa Bara wana kisa cha jinsi walivyoiona picha yao ya kwanza miaka ya tisini. Ya kompyuta imesahaulika. Ilikuwa na sababu yake. Wizara ya Fedha ilileta kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, baadaye ikaleta kubwa zaidi, na mfumo wa hesabu za Serikali uliojengwa juu yake ukavurugika. Fedha zilikuwa zimekwenda, wataalamu walikuwa wageni, na hesabu hazikufungika. Watumishi wakarudi kwenye madaftari, na tangu hapo aliyetaka kompyuta alipaswa kuomba kibali.

Nimeanzia huko kwa sababu ya swali linalozunguka leo katika ofisi changa za ubunifu majengo pale Njiro: tutumie programu gani kuchora? AutoCAD, ArchiCAD, Revit, au tubaki na SketchUp? Vijana hulijibu kwa kulinganisha kasi, bei na uzuri wa picha. Mimi naona sehemu kubwa ya jibu iliandikwa kabla hawajazaliwa, na iliandikwa na watu ambao Arusha hawakuwahi kuifikiria.

Kwanza tukumbuke kwamba ukosefu wa kompyuta haukuzuia majengo makubwa. Soko la Kariakoo, kazi ya Beda Amuli, lilijengwa katika miaka hiyohiyo ya marufuku. Paa lake la zege limekaa kama miavuli iliyopinduliwa, yenye kukinga mvua na kuipeleka kwenye matangi yaliyo chini ya ardhi. Maumbo yale yalipigiwa hesabu na kuchorwa kwa mkono. Hapa Arusha, majengo ya AICC yalisimama miaka ya sabini ili yawe makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na jumuiya yenyewe ikavunjika mwaka 1977. Nayo ni ya enzi ya meza iliyoinama, rula ya T, kalamu ya wino na karatasi angavu ya kufuatishia. Aliyekosea alikwangua wino kwa wembe, taratibu, asije akaitoboa karatasi ya wiki nzima. Nakala zilitolewa kwa mashine yenye harufu ya amonia, na aliyewahi kukaa nayo chumba kimoja haisahau.

AutoCAD ilitoka Marekani mwishoni mwa mwaka 1982. Programu za kuchora zilikuwepo kabla yake, lakini zilitaka mashine kubwa za bei ya jengo. Hii iliwekwa kwenye kompyuta ndogo ya mezani na iliuzwa kwa takriban dola 1,000. Ofisi za Marekani na Ulaya zikatumia miaka ya themanini kujaribu, kulinganisha na kutupa. Zilikuwa zinachagua. Kwetu marufuku ilikuwa bado ipo, fedha za kigeni zilikuwa adimu, na hata sabuni ilikuwa ya foleni. Mlango wa biashara ulipofunguka kweli, mwanzoni mwa miaka ya tisini, mashindano yalikuwa yamekwisha na mshindi alikwishatangazwa.

Mshindi huyo alikuja na faili lake, DWG. Hapa ndipo mgeni wa fani hii hupotea, kwa hiyo nieleze kidogo. Mbunifu majengo hachori peke yake. Mchoro wake unakwenda kwa mhandisi wa miundo, kwa fundi wa mabomba, kwa mtu wa umeme, na kwa mpima ardhi mwenye mipaka ya kiwanja. Kila mmoja anataka kulifungua faili, aongeze lake, alirudishe. Kama wote wanne wana AutoCAD, wewe wa tano huna hiari kubwa. Hali ni ileile ya soko ambalo wauzaji wote wanatumia mizani moja: ukija na yako, hata kama ni sahihi zaidi, utapoteza siku nzima ukieleza.

Wakati huohuo, Hungaria ilikuwa na marufuku yake, ila hiyo iliwekwa na wengine. Nchi za Magharibi zilizuia kompyuta zao zisiuzwe katika kambi ya kisoshalisti. Mwaka 1982 Gábor Bojár alianzisha kampuni ya Graphisoft mjini Budapest, na kazi yao ya mwanzo ilikuwa kuchora kwa pande tatu mabomba ya kinu cha nyuklia cha Paks. Kompyuta za Apple ziliwafikia kwa magendo. Kutoka katika uhaba ule ikazaliwa ArchiCAD, programu iliyoanza na wazo tofauti kabisa: ukuta usiwe mistari miwili sambamba, uwe ukuta, wenye unene, urefu na vifaa vyake. Ukiusogeza kwenye ramani ya chini, unasogea pia kwenye mkato na kwenye sura ya mbele ya nyumba. Sitaki kuivuta hadithi hii hadi iwe kemeo kwetu. Hungaria ilikuwa na wanahisabati na viwanda ambavyo sisi hatukuwa navyo. Ila inanifurahisha kwamba programu inayopendwa na vijana wengi wa Kitanzania wanaochora nyumba za kuishi ilitoka kwa watu waliopitisha mashine zao mpakani kwa kujificha.

Revit ilikuja mwaka 2000 na wazo la jamaa moja na hilo, na miaka miwili baadaye Autodesk, wenye AutoCAD, wakainunua kwa dola milioni 133. SketchUp nayo ilitoka mwaka 2000. Google waliponunua kampuni yake mwaka 2006 wakatoa toleo la bure, na mwanafunzi asiye na kitu akaweza kusimamisha nyumba kwenye skrini kwa jioni moja. Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa Seacom ulitua Dar es Salaam, na kupakua programu kukaacha kuwa kazi ya usiku mzima.

Njiro, kusini-mashariki mwa jiji, ni mahali pazuri pa kuyaona matokeo ya haya yote. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilikaa Arusha kuanzia mwaka 1995 hadi ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015, na wafanyakazi wake walihitaji pa kuishi. Kuna ESAMI, kuna Chuo cha Uhasibu, kuna watu wa utalii. Nyumba zikaota, na ofisi ndogo za ramani zikaota pamoja nazo: watu watatu au wanne, printa moja, kompyuta mpakato mbili, jenereta kwa ajili ya siku za mgawo.

Ofisi hizi zilipataje programu? Tuseme ukweli: nyingi kwa kuvunja kufuli. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyovilinda vitabu, lakini diski iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito ilipita mkono kwa mkono, na wapo hadi leo wanaoapa kwa AutoCAD ya 2007. Chuoni mambo yalikuwa halali: Autodesk huwapa wanafunzi bure. Lakini kwa miaka mingi mchoro wa toleo la wanafunzi ulichapika na maneno pembeni yanayotangaza ulikotoka, na ukinakili mlango mmoja tu kutoka mchoro huo kwenda mchoro wa ofisi, na wa ofisi unaambukizwa. Bure ile ilikuwa na hesabu yake. Anayejifunza na kitu miaka minne hakiachi kirahisi, na mwenye ofisi akitafuta msaidizi anachukua anayekijua kile ambacho chuo kilifundisha.

Kisha bei ikabadilika sura. Mwaka 2016 Autodesk waliacha kuuza leseni za kudumu. Ukitaka, kodi kwa mwezi au kwa mwaka. SketchUp wakafuata mwaka 2020. Revit kwa mtu mmoja inapita dola 2,500 kwa mwaka, zaidi ya shilingi milioni 6, na inalipwa iwe kazi imeingia au haikuingia. Mteja wa Njiro analipa kwa shilingi, tena kwa mafungu. Mwezi Julai 2020 ofisi kubwa za Uingereza, ya Zaha Hadid ikiwemo, ziliiandikia Autodesk barua ya wazi zikilalamikia gharama za Revit na jinsi ilivyokuwa haiboreshwi. Kama wale wanalia, mwenye printa moja afanyeje?

Kwangu, bei siyo sehemu inayouma zaidi. Kinachouma ni muda. Nyumba zetu nyingi hazijengwi kwa mkopo wa benki. Zinajengwa kwa kudunduliza: msingi mwaka huu, kuta mwakani, halafu ada za watoto zinaingia kati, paa linasubiri miaka mitatu. Mwenye nyumba anarudi ofisini mwaka wa nane akitaka ngazi ihamishwe na ghorofa iongezwe. Katika miaka hiyo minane leseni imeisha na kukatwa mara kadhaa, kijana aliyechora amehamia Dodoma, na programu imetoa matoleo manane. Faili la Revit likihifadhiwa kwa toleo jipya halifunguki kwa la zamani. Ofisi iliyoshindwa kulipa kodi ya mwaka inakuta kazi yake yenyewe iko ndani ya nyumba ya mtu mwingine, na ufunguo umebadilishwa.

Kwa hiyo ukiniuliza, nitakwambia uangalie kwanza programu inakuruhusu kutoka na nini. ArchiCAD na Revit zote zinaweza kutoa faili la IFC, mfumo wa wazi uliobuniwa miaka ya tisini ili jengo lisomeke na programu yoyote. Ukuta unatoka ukiwa ukuta, ingawa mambo madogomadogo hupotea njiani. FreeCAD, ya bure na halali, inalifungua. Ni ngumu kuizoea, na picha zake hazimfurahishi mteja anayetaka kuona gari limeegeshwa mbele ya baraza. Kwa ofisi ya watu watatu inayojenga nyumba za kuishi ningechukua ArchiCAD moja ya kulipia kuliko Revit tatu za kuvunja, na kila hatua ya mradi ningeihifadhi kwa IFC, kwa DWG na kwa PDF. Mkadiriaji majenzi atashukuru pia: idadi ya tofali na mita za kuta zinatoka kwenye mchoro wenyewe, hazihesabiwi kwa rula juu ya karatasi.

Lipo na jambo dogo ambalo hakuna muuzaji atakutajia. Maktaba za programu hizi zimejaa madirisha ya nchi za baridi na miti inayopukutika majani. Dirisha la alumini la kusukuma lenye nondo, tofali la inchi sita, paa la bati lenye mfereji wa kujaza simtanki, vyote utavichora mwenyewe mara ya kwanza. Ramani pia inataka kuambiwa iko wapi, la sivyo kivuli kitaangukia upande wa kaskazini mwaka mzima, wakati Arusha, nyuzi 3 na kidogo kusini ya ikweta, jua la Juni linapita kaskazini, upande wa Meru, na la Desemba linapita kusini.

Na pamoja na yote hayo, kibali cha ujenzi kinataka mchoro wenye jina na muhuri wa mbunifu aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na fundi kule kiwanjani anataka karatasi. Ataikunja mara nne, ataitia mfukoni, itapata saruji na jasho. Mwaka wa nane mwenye nyumba atakapokuja na habari ya ngazi, yaelekea ndiyo atakayoitandaza mezani.