Dola na madai ya kujitenga nchini Kongo

Kujitenga ni hatua ya eneo kudai kutoka katika dola lake na kuunda dola jipya. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, madai ya maeneo yamejibiwa kwa silaha, kwa sheria, kwa kuchora upya majimbo na kwa mazungumzo. Mji wa Goma, makao makuu ya Kivu Kaskazini, umepitia baadhi ya majibu hayo bila kujitangazia uhuru.

Katanga. Tarehe 11 Julai 1960, siku 11 baada ya uhuru wa Kongo, Moïse Tshombe, kiongozi wa jimbo la Katanga, alilitangaza kuwa nchi huru. Ubelgiji ilimsaidia kwa maofisa na askari, lakini hakuna taifa lililoitambua Katanga. Majeshi ya Umoja wa Mataifa yaliuzima utengano huo Januari 1963. Mwaka uliofuata, huko Cairo, Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliamua kwamba mipaka iliyorithiwa wakati wa uhuru iheshimiwe.

Sheria na ramani. Katiba ya 2006 inaitaja Kongo kuwa nchi moja isiyogawanyika. Katiba hiyo hiyo inayaachia majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa humo, ahadi ambayo haijatekelezwa kikamilifu. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa kuwa majimbo manne.

Goma. Waasi wa RCD, baadaye RCD-Goma, waliutawala mji kuanzia 1998. Mwaka 2003 waliingizwa serikalini, na kiongozi wao, Azarias Ruberwa, akawa mmoja wa makamu wanne wa rais. Tarehe 23 Machi 2009 serikali ilitia saini mapatano na waasi wa CNDP mjini Goma. Jina la M23 linatokana na tarehe hiyo: waasi walioibuka 2012 walidai kwamba mapatano hayakuheshimiwa. Waliuteka mji Novemba 2012, wakaondoka baada ya siku 11. Mwaka 2021 Kinshasa iliweka magavana wa kijeshi Kivu Kaskazini na Ituri; Januari 2025 Goma ikaanguka tena mikononi mwa M23.

M23 inakana kutaka kujitenga. Hata hivyo inateua viongozi na kutoza kodi, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza jinsi Rwanda inavyoisaidia, jambo ambalo Kigali inalikanusha. Ndiyo maana neno *balkanizasioni*, yaani kuimega nchi vipande, linawatia watu hofu.

Gharama kwa raia. Baada ya mji kutekwa, benki zilifungwa. Mkazi mwenye akiba yake Goma alilazimika kuvuka mpaka kwa miguu, pale Petite Barrière, kwenda Gisenyi nchini Rwanda kutafuta pesa taslimu. Kwenye ramani Kongo bado ni moja. Lakini raia huyo anadai dola lililo naye pia sokoni, benki na mahakamani. Migogoro ya ardhi, uraia na mgawanyo wa mapato imebaki hai chini ya kila mapatano, na humo ndimo uasi unaofuata hupata wafuasi.