Nikon ya Mjomba na Mkebe wa Negativu

Nilirudi Chala mwezi wa nne nikiwa na hesabu moja kichwani: niuze kamera ipi ili nimalizie utafiti wa shahada ya uzamili. Nilikuwa nazo mbili. Moja ni Nikon D7000 niliyonunua mtumba. Nyingine ni Nikon FM2 ya mkanda niliyoachiwa na marehemu mjomba, pamoja na lenzi ya milimita 50 na mkebe wa biskuti uliojaa negativu. Jibu lilionekana rahisi: ya mjomba iende.

FM2 ilitoka mwaka 1982. Pazia lake hufunguka na kufunga kwa springi. Betri zake mbili ndogo ni za kupimia mwanga tu. Kwa mtu aliyepiga picha za ubatizo na komunio ya kwanza vijijini Ufipa, miaka ambayo nyumba nyingi hazikuwa na umeme, hicho kilikuwa chombo cha kufaa. Kusafisha ndiko kulikokuwa na shida. Mkanda ulipanda basi hadi Sumbawanga, picha zikarudi baada ya siku kadhaa, na katikati wateja walimsumbua mama, dada yake.

Kamera haikumwangusha mjomba. Kilichokatika ni mnyororo wa nyuma yake: mkanda, karatasi, dawa, duka la kusafishia. Hata huko mikanda ilikotoka hali ilikuwa hiyo hiyo. Kodak, ambayo mhandisi wake Steven Sasson aliunda kamera ya dijitali mwaka 1975, iliacha kutengeneza Kodachrome mwaka 2009, na Januari 2012 ikaomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai.

Ufipa tulishayaona haya. Utafiti wangu unahusu malungu, matanuru ya udongo ya kuyeyushia chuma. Lungu refu hufikia takriban mita 3 na huvuta hewa lenyewe kupitia matundu ya chini, bila mivukuto. Chuma chake kilisafishwa tena katika tanuru dogo, kintengwe, ambalo ndilo lililovukutwa. Mwaka 1937 R. C. H. Greig aliandika juu ya kazi hiyo katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Chuma cha Wafipa hakikuwa kibaya. Jembe la dukani lilikuja kwa bei nafuu, na nani angekata mkaa siku nyingi kwa jembe asiloweza kuliuza? Mafundi wakaondoka, malungu yakabaki mashambani kwa sababu hayabebeki.

Jioni moja niliinua negativu za mjomba dirishani. Kati ya maharusi na watoto wa komunio kulikuwa na lungu zima, vijana wamesimama mbele yake kwa mapozi. Nililitambua kwa mwamba ulio nyuma. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimelipima: upande mmoja umeanguka, mahindi yameota hadi ukingoni. Sina ushahidi mwingine wa umbo lake la awali.

Hesabu ikabadilika. Mdomo wa lenzi wa Nikon, wa tangu 1959, umebaki ule ule kiasi kwamba lenzi ya mjomba inakaa kwenye D7000 na kupima mwanga. (Wenzetu wa Canon walibadilishiwa mdomo mwaka 1987, lenzi zao za zamani zikawa yatima.) Kwa pete ya kuisogeza mbele, na mwanga wa dirisha nyuma ya plastiki nyeupe, nimeanza kunakili negativu moja moja. Ile tamaa ya kamera mpya isiyo na kioo nimeiweka kando. Haingenipa lungu lile.

FM2 nimeuza, bila lenzi, kwa kijana wa Dar es Salaam anayependa mkanda. Alilipa vizuri. Mama alinyamaza siku nzima, kisha akaniuliza kama picha ya komunio yake imo. Mnunuzi naye aliuliza kama mkebe unauzwa. Nilimwambia hapana, bado kuna mikanda kumi na minne sijaipitia.