Game Boy na Waandishi Wake Wasio na Leseni

Game Boy, mashine ya gemu ya mkononi iliyobuniwa na Gunpei Yokoi na wenzake katika kampuni ya Nintendo ya Kyoto, ilianza kuuzwa Japani tarehe 21 Aprili 1989 ikiwa na kioo cha vitone 160 kwa 144, viwango vinne tu vya rangi ya kijani, na kumbukumbu ya kufanyia kazi ya kilobaiti 8. Uhaba huo ulikuwa wa makusudi, kwa kuwa Yokoi alipendelea vipuri vya bei nafuu vilivyokwisha kuzoeleka, na ndio uliokuja kuwavuta watu walioandika gemu kwa mapenzi yao, bila ajira wala leseni, maana mashine nzima iliweza kueleweka na mtu mmoja.

Nyaraka za kiufundi zilitolewa kwa kampuni zenye mkataba na Nintendo pekee. Zaidi ya hayo, ndani ya mashine kulikuwa na programu ya kuwashia yenye baiti 256, ambayo kabla ya kuanzisha gemu ilisoma kwenye kaseti baiti 48 zinazochora nembo ya Nintendo, ikazilinganisha na nakala yake, na zikitofautiana ikagoma kuendelea. Kinga hiyo ilitegemea sheria kuliko uhandisi, kwani aliyenakili nembo aliweza kushtakiwa kwa kutumia alama ya biashara ya mwingine; lakini mwaka 1992 mahakama ya rufani ya Marekani, katika shauri la Sega dhidi ya Accolade lililohusu kinga ya aina hiyo katika mashine nyingine, ilikataa hoja ya mwenye alama.

Programu hiyo ya kuwashia hujifunga mara imalizapo kazi, hivyo hakuna gemu iwezayo kuisoma. Ilibaki siri hadi mwaka 2003, mpenzi mmoja wa mashine hiyo alipoifunua chipu iliyoihifadhi, akaipiga picha chini ya hadubini na kuzisoma biti zake 2,048 kutoka kwenye picha, kazi ya subira inayostahili heshima ya utafiti wowote wa nyaraka za kale.

Zana nazo waandishi hao wasio na leseni walijitengenezea: RGBDS, inayogeuza amri za vifupisho kuwa lugha ya mashine, na GBDK, iliyoruhusu kutumia lugha ya C, iliyo nyepesi zaidi. GB Studio ya Chris Maltby, iliyotolewa mwaka 2019, humwezesha hata asiyejua kuandika programu kutunga gemu kwa kupanga picha na matukio, ingawa kazi ya ndani hufanywa na zana zilizotokana na GBDK ileile.