Ulikaa na Nani?

Bahi ni mji wa kupita. Reli ya Kati ilifika Dodoma 1910 na Tabora 1912, na tangu enzi hizo treni inakatiza hapa, jirani na mbuga yenye majaruba ya mpunga. Barabara kuu ya Dodoma kwenda Singida nayo inapita hapa hapa, imejaa mabasi ya Mwanza na malori yaendayo Rwanda, Burundi na Kongo. Abiria anashuka, anakunywa chai, anapanda, kwaheri. Sasa hebu tujiulize, vijana wenzangu: abiria huyo kesho akigundulika ana maradhi ya kuambukiza, nani atakumbuka alikaa na nani?

Swali lenyewe si geni. Kuwasaka waliotangamana na mgonjwa ndiko kulikoifunga hadithi ya ndui. Oktoba 1977, mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, na watu waliomkaribia wakatafutwa na kuchanjwa. Ilikuwa kazi ya miguu, daftari na kalamu. Lakini korona ilipozuka, mabingwa wa kompyuta walisema miguu ni mizito mno. Waachieni simu, wakasema.

Chombo chao kilikuwa Bluetooth, ile ile tuliyokuwa tukirushiana nyimbo kijiweni. Kila simu inatoa mawimbi ya redio yenye namba ya siri, na yenyewe inazinasa namba za simu zilizo jirani. Mawimbi yakiwa na nguvu, inahesabiwa kwamba wenye simu wako karibu. Mmoja akipimwa na kukutwa na virusi, wale ambao simu zao ziliihifadhi namba yake wanapewa taarifa. Singapore ilianza tarehe 20 Machi 2020 kwa programu iliyoitwa TraceTogether.

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Simu ina usingizi wake. Ukizima skrini na kuitia mfukoni, inazibana programu zinazofanya kazi chinichini ili betri isiishe, na pia ili mjanja fulani asikuchunguze bila wewe kujua. iPhone ndiyo ilikuwa kali zaidi. Iwapo iPhone mbili zimefungwa na programu imelala, zingeweza kukaa kiti kimoja safari nzima zisionane. Watumiaji wa Singapore wakashauriwa waiache programu wazi, simu wameipindua kichwa chini mfukoni. Jamani, nani ataishi hivyo?

Uingereza nao wakajitosa. Mei 2020 waliijaribu programu yao katika kisiwa cha Wight, wakiwa na mbinu zao za kuishtua simu isisinzie. Tarehe 18 Juni waliinua mikono. Programu ilikuwa imeziona asilimia 75 ya simu za Android, lakini asilimia 4 tu ya iPhone.

Ufunguo walikuwa nao Apple na Google. Tarehe 20 Mei 2020 kampuni hizo mbili zilitoa mfumo wa pamoja ulioruhusiwa kukesha chinichini. Namba ya siri inabadilika kila baada ya dakika 10 hadi 20, na orodha ya uliokutana nao inabaki ndani ya simu yako. Serikali iliyotaka orodha ikusanywe kwake haikuruhusiwa kuutumia. Ufaransa ilikataa sharti hilo ikashika njia yake. Wengi walikubali, Afrika Kusini ikiwemo, Septemba mwaka huo. Tazameni basi: mataifa yenye majeshi na mabunge yanabisha hodi kwa kampuni mbili, yanaomba simu za raia wao ziamshwe.

Na hata simu iliyo macho haikuona sawasawa. Watafiti wa Trinity College, Dublin, waliujaribu mfumo huo ndani ya tramu mwaka huo huo. Wakakuta kwamba bati linayarudisha mawimbi, hata simu inashindwa kumtofautisha aliye jirani na aliye mbali. Na sisi tunasafiri ndani ya nini kama si bati? Vijana wa FabLab, magharibi mwa Kenya, walifikiri kwa namna nyingine. Programu yao, Msafari, ilimtaka abiria wa matatu aingize namba ya gari alilopanda, ili mmoja akiugua, wenzake wa gari lile wajulikane. Hawa walianzia pale watu wanapokaa, siyo kwenye simu.

Kwetu je? Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, Arusha. Baadaye serikali ilitoa hesabu yake ya mwisho kwa mwaka huo: wagonjwa 509, vifo 21. Kisha kimya, hadi hesabu ziliporudi 2021. Programu ya Bluetooth inaanza na majibu ya kipimo. Majibu yasipotoka, simu itakesha mwaka mzima ikikusanya namba, na isiwe na la kumwambia mtu. Basi tusidanganyane kwamba kilichotukwamisha ni iPhone.

Halafu tukumbuke, sisi tulikuwa na mfumo wa chinichini muda mrefu kabla ya simu. Miaka ya 1960 TANU ilianzisha mashina ya nyumba kumi, kila shina na balozi wake. Balozi hakuhitaji betri. Mgeni akilala kwako, anajua. Mzee akiugua nyumba ya nne, anajua. Jicho hilo lilimfaa mwenye msiba, na jicho hilo hilo lilimtia hofu mwenye neno la kunong'ona. Bluetooth haikuikwepa hofu hiyo. Januari 2021 serikali ya Singapore ilikiri kwamba polisi wanaweza kuzichukua taarifa za TraceTogether katika upelelezi wa jinai, ingawa watu walikuwa wameambiwa ni za ugonjwa tu. Mwezi uliofuata ikabidi itungwe sheria ya kuwawekea mipaka.

Mwaka 2023 swali lilirudi nyumbani. Tarehe 21 Machi ugonjwa wa Marburg ulitangazwa mkoani Kagera. Watu 212 waliotangamana na wagonjwa walitafutwa na kufuatiliwa siku 21, siku za juu kabisa ambazo kirusi hicho kinaweza kujificha mwilini kabla ya dalili. Walifariki watu 6, na tarehe 2 Juni mlipuko ukatangazwa kwisha. Wahudumu waliuliza, watu wakajibu, na kesho yake wahudumu wakarudi tena.

Kwa hiyo ninyi mnaosomea kompyuta Dodoma mjini, mkiota kutengeneza programu ya kuilinda Bahi na barabara yake, ioteni. Ila msianze na namna ya kuikesheza simu. Anzeni na yule mama muuza chai pale stendi, anayeona kila mtu anayeshuka. Siku akiulizwa fulani alikaa na nani, atataka kujua mambo matatu kabla hajafungua mdomo: daftari hilo litakaa kwa nani, majibu ya kipimo yatarudi lini, na je, akisema, meza yake ya chai itakuwepo kesho?