Darasa la Sanaa Lililopita Mbali na Chale

Kisiwa cha Chale kiko hatua chache baharini kutoka ufuo wa Kwale, kusini ya Diani, kwenye maji yale yale yanayoingia ghuba ya Gazi. Kuna hoteli, na kuna msitu wa kaya ambao wazee wa Kidigo wameulinda kwa miiko: mti haukatwi, tawi halitolewi, na mgeni haingii bila ruhusa. Ng'ambo, kaya ya Kinondo nayo ina utaratibu wake, na anayeingia hufungwa kaniki nyeusi kiunoni. Ukirudi barabara kuu ya kwenda Ukunda, unapita vibanda vya wachongaji waliopanga twiga, vifaru na miiko ya mbao wakisubiri watalii.

Nimeanza na Chale kwa sababu ukanda huu una malighafi yote ya sanaa, kuanzia mbao na udongo hadi mikono iliyozoea kazi. Lakini historia ya kufundisha uchoraji na uchongaji vyuoni, katika Afrika Mashariki nzima, iliandikwa kwingine. Ilianza Kampala, ikahamia Nairobi, na pwani ikaachwa ikiuza vinyago kando ya lami.

Mwaka unaotajwa kuwa wa mwanzo ni 1937. Margaret Trowell, Mwingereza aliyesomea uchoraji katika shule ya sanaa ya Slade jijini London, alikuwa akiishi Mulago na mumewe Hugh, daktari wa hospitali ya hapo. Aliwakusanya wanafunzi wa chuo cha Makerere barazani kwake na kuwapa karatasi, rangi na udongo. Makerere wakati ule haikuwa na idara ya sanaa. Waliokuja walikuja saa za ziada, baada ya masomo yaliyohesabika kuwa masomo. Mwaka uliofuata kazi zao zilionyeshwa Namirembe, Kampala, na mwaka 1939 zikapelekwa London, kwenye jumba la Imperial Institute. Ndani ya miaka miwili tu, darasa la barazani lilikuwa limevuka bahari.

Namna alivyofundisha inafaa kutazamwa kwa makini, maana ugomvi wa vyuo vyetu, wa kama sanaa ya Ulaya ifundishwe au la, ulizaliwa pale. Trowell alikuwa amesomea ualimu kwa Marion Richardson, aliyeamini kwamba mwanafunzi asipewe picha ya kunakili. Mwalimu husimulia tukio, mwanafunzi akaliona kichwani, kisha akalichora. Kwa hiyo vijana wa Makerere walisimuliwa habari za Biblia na za vijijini mwao, wakachora soko, mazishi, mavuno, Yesu akiwa katikati ya migomba. Trowell alikataa kuwajaza michoro ya Ulaya. Aliandika pia juu ya ufundi wa Waganda na majirani zao, na kitabu chake na Klaus Wachsmann kuhusu kazi za mikono za Uganda, cha 1953, hadi leo ni hazina.

Kwa maoni yangu alikuwa sahihi kuamini kwamba mwanafunzi wa Kiafrika anakuja darasani akiwa na kitu. Alipokosea ni kujipa yeye mwenyewe mamlaka ya kuamua kitu hicho ni kipi, na kipi kisimguse. Kijana anayetaka kujua jinsi Mwitalia wa karne ya 15 alivyopanga kivuli ana haki ya kujua. Hatapoteza kwao kwa kujua.

Ushahidi wa hilo ni wanafunzi wake wenyewe. Gregory Maloba, kijana kutoka magharibi mwa Kenya, aliona sanamu ya Bikira Maria katika misheni ya Wakatoliki ya Mumias, akaanza kufinyanga udongo peke yake bila mwalimu. Sifa zake zikamfikisha Makerere. Mwaka 1941 alichonga mbao aliyoiita kwa Kiingereza "Death", yaani Mauti, kazi nzito isiyombembeleza mtazamaji. Alikwenda Uingereza kuongeza masomo, akarudi kufundisha, na Uganda ilipopata uhuru mwaka 1962 yeye, Mkenya, ndiye aliyetengeneza mnara wa uhuru ulioko katikati ya Kampala: mtu aliyezungushiwa mikanda akimwinua mtoto juu.

Sam Ntiro wa Machame, Kilimanjaro, naye alipita Makerere, akapelekwa Slade ileile aliyosoma mwalimu wake. Alirudi akichora kama alivyochora kabla: migomba, watu wakilima, wakichota maji, wakijenga, bila ule mtindo wa Kizungu wa kufanya vitu vya mbali vififie. Mchoro wake wa 1956 wa wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku ulinunuliwa na jumba la Museum of Modern Art la New York. Tanganyika ilipojitawala, alipelekwa London kuwa balozi wa nchi yake. Elimo Njau wa Marangu, aliyesoma Makerere miaka ya 1950, alipanda ukutani. Mwaka 1959 alikamilisha michoro mitano mikubwa katika kanisa la ukumbusho la Fort Hall, ambayo sasa ni Murang'a, akiyaweka maisha ya Yesu katika miinuko ya Wakikuyu iliyokuwa bado haijakauka damu ya Mau Mau. Na Rosemary Karuga, aliyeingia Makerere mwaka 1950, ndiye mwanamke wa kwanza kusomea sanaa pale. Alirudi Kenya, akawa mwalimu wa shule, na dunia ikaja kumtambua akiwa mtu mzima kwa picha alizobandika kwa vipande vya karatasi za rangi.

Trowell alistaafu mwishoni mwa miaka ya 1950. Aliyemrithi, Cecil Todd kutoka Afrika Kusini, aligeuza mambo. Chini yake darasa lilifundisha nadharia ya rangi, historia ya sanaa ya Ulaya na hata michoro isiyofanana na kitu chochote. Theresa Musoke alihitimu shahada pale mwaka 1965, mwanamke wa kwanza kuipata katika fani hiyo Makerere. Halafu ikaja 1971. Idi Amin aliposhika nchi, wasanii na walimu walitawanyika, na wengi walikimbilia Kenya. Musoke alikuwa mmoja wao. Aliishi na kufundisha Kenya kwa miaka mingi.

Nairobi ilikuwa tayari kuwapokea. Maloba alikuwa ameshahamia chuo kikuu cha hapo katika miaka ya 1960. Njau na wenzake walikuwa wamefungua jumba la Paa ya Paa mwaka 1965, lililokuwa shule isiyo na mitihani, ingawa moto wa 1997 uliteketeza kazi nyingi. Mwaka huo huo wa 1965, kambi ya jeshi la Waingereza ya Templer huko Kahawa ilikabidhiwa kuwa chuo cha Kenyatta, na humo ndimo mafunzo ya uchoraji na uchongaji ya chuo kikuu yalikuja kukita mizizi.

Anayeingia studio ya chuo kwa mara ya kwanza hapewi rangi. Hupewa kipande cha makaa na karatasi, akakaa mbele ya chungu, chupa na kitambaa kilichokunjwa, akachora hadi jicho lijifunze kupima. Kisha huja mwili wa mtu. Katika uchongaji huanza na udongo: nondo na waya hufungwa kuwa mifupa, udongo ukabandikwa juu yake, kichwa kikapatikana. Kichwa hicho hufunikwa plasta, plasta ikapasuliwa na kutoa umbo lenye uwazi, nalo likamiminwa saruji au kitu kingine. Gogo huja baadaye. Mwanafunzi hulibana kwenye meza na kulipiga patasi kwa nyundo ya mbao. Mchongaji wa Ukunda hukaa chini, gogo akalishika kwa miguu, akashuka nalo kwa tezo. Anachokosa yule wa chuoni ni kasi na uhakika wa mkono. Anachokosa wa Ukunda ni nafasi ya kukosea, maana kila twiga aliyeharibika ni chakula kilichopotea. Nasema hivi kwa uchungu: chuo, zaidi ya yote, ni mahali ambapo mtu anaruhusiwa kuharibu mbao bila kulala njaa.

Uchongaji huo wa barabarani una historia yake. Husimuliwa kwamba Mutisya Munge wa Ukambani alijifunza uchongaji Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akaurudisha Wamunyu, na kutoka hapo ukashuka hadi Mombasa ambako Wakamba walijenga ushirika mkubwa Changamwe. Soko la watalii likakua, na mti uliopendwa kuliko yote ulikuwa muhugu. Misitu ya pwani ilitobolewa. Kaya zenyewe zilikatwa vibaya kwa ajili ya mbao na viwanja, ndipo serikali ikaanza kuzitangaza kuwa turathi za taifa mwaka 1992, na mwaka 2008 kaya kadhaa za Wamijikenda, Kinondo ikiwamo, zikaingia katika orodha ya UNESCO. Wachongaji walihimizwa wahamie mwarobaini, mti unaoota upesi hata uani. Katika miongo yote hiyo, mafundi na studio za Kampala na Nairobi walikutana kwa nadra sana.

Wamijikenda wenyewe walikuwa na uchongaji uliotambulika duniani. Vigango vya Wagiriama, mbao zinazosimikwa kwa ajili ya wazee wa chama cha Gohu, viliibwa na kuuzwa hadi Marekani. Mwaka 2007 viwili vya familia moja, vilivyoibwa 1985, vilirudishwa. Kimoja kilikuwa Illinois State University, kingine Hampton University. Wanafunzi wa Marekani walikuwa na kigango chuoni mwao, ilhali mtoto wa pwani angeweza kumaliza shule bila kuonyeshwa hata picha yake. Elizabeth Orchardson-Mazrui, msanii na mhadhiri wa Kenyatta, alifanya utafiti wake wa uzamivu London juu ya sanaa ya Wamijikenda, kazi ambayo ingepaswa kuwa kitabu cha kiada Kwale.

Mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, ulijaribu kuziba pengo. Sanaa na ufundi lilikuwa somo la kila shule ya msingi, na watoto walibeba udongo na ukindu kwenda darasani. Mapema miaka ya 2000 lilitolewa katika mtihani wa mwisho, na somo lisilotahiniwa mwalimu hulipa kisogo. Kizazi kizima kilipita hivyo. Sasa mtaala mpya wa umilisi umeirudisha sanaa hadi sekondari pevu, na mwanafunzi anaweza kuichagua kuwa njia yake.

Kwa hiyo naiomba serikali ya kaunti ya Kwale, ambayo kwa mpango wake wa karo imesomesha maelfu, ifanye mambo mawili. Imlipie kijana wa Msambweni au Kinondo anayetaka kusomea uchoraji na uchongaji, pamoja na bei ya rangi, turubai na plasta, kwa uzito ule ule anaopewa anayesomea udaktari. Na ijenge studio moja Diani, yenye tanuri la kuchomea udongo na meza za kuchongea, fundi wa barabarani akiwa mwalimu ndani yake na mzee wa kaya akialikwa kuzungumza. Nanyi wazazi, mtoto akiwaambia anataka njia ya sanaa, msimkatize. Muulizeni amechora nini, na mkitazame.